Goti linauma: uliza na ushike kwanza, picha baadaye

Wenzangu mnaokaa chumba cha kwanza, pale mgonjwa anapoanzia kabla hajafika kwa bingwa yeyote, haya nayaandika kwa ajili yenu, na mwenye goti lake akisoma pia atapata kitu. Malalamiko ya goti yanakuja kila siku na ndo sehemu tunayokosea sana, mtu anakaa anasema dokta goti, hata suruali hajapandisha ameshaandikiwa eksirei na dawa za maumivu za wiki mbili. Alafu majibu yanarudi anaambiwa goti limesagika, ute umeisha, anaondoka akiamini mguu ndo basi. Mimi msimamo wangu ni kwamba maswali matatu na mikono yako miwili yatakupa jibu kwa wagonjwa wengi, na kipimo kinakuja baadaye kuthibitisha au kufuta kitu ambacho tayari unakishuku. Ukianza na picha itakuonyesha vitu ambavyo wala haviumi, na wewe utaanza kuvitibu.

Maswali yenyewe

La kwanza, lilianzaje. Aliumia au lilianza lenyewe, na kama aliumia mguu ulikuwa umekanyaga chini au uko hewani, alijigeuza, aligongwa kwa pembeni, alitua vibaya baada ya kuruka? Usiridhike na "niliteguka tu", mwambie asimame akuonyeshe, watu wengi hawana maneno ya kuelezea ila wakisimama wanakurudia tukio lote na unaona kabisa jinsi goti lilivyoingia ndani huku unyayo umebaki pale pale.

La pili, lilivimba baada ya mda gani. Hili nalipenda kuliko yote na ndo linalosahaulika kuulizwa. Goti lililojaa ndani ya saa mbili za kwanza baada ya kuumia hilo lina damu ndani, kwa hiyo fikiria kano ya mbele ya ndani ya goti imekatika, au mfupa umevunjika, au pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ilichomoka ikarudi. Goti ambalo mtu alimaliza mechi, akaenda kulala, akaamka nalo limevimba, hapo meniskasi, ule mto wa gegedu ulio katikati ya mifupa ya goti, inapanda juu ya orodha. Goti linalojaa taratibu kwa miezi bila kuumia popote linakupeleka kwenye gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kulika au magonjwa ya uvimbe wa viungo kama baridi yabisi. Na goti lililojaa ndani ya siku moja bila kuumia popote tena lina moto, hilo ni la leo leo, nitalirudia.

La tatu, weka kidole kimoja panapouma. Kimoja, sio mkono. Anayeweza kuweka kidole kimoja anakupunguzia kazi nusu, na yule anayeshindwa akalifunika goti zima kwa kiganja naye amekwambia kitu, kwamba shida iko nyuma ya pia, au kiungo kizima, au haiko kwenye goti kabisa inatoka nyonga.

Ukimaliza kuuliza shika. Avue mpaka mapaja yote mawili yaonekane, alale chali, na goti lisiloumwa ndo la kulinganishia. Angalia msuli wa paja juu ya goti, upande unaouma huwa unasinyaa mapema. Pitisha mgongo wa mkono wako kutoka kwenye paja kushuka mpaka muundi, goti lenye afya ni la baridi kidogo kuliko paja, kwa hiyo likiwa na joto sawa na paja tu tayari kuna kitu kinaendelea ndani. Kutafuta maji, kamua kwa kiganja kutoka juu ya goti ukishuka, ubane hapo hapo, alafu gonga pia kwa kidole, ikizama ikagonga mfupa chini maji yapo mengi. Maji machache hayaonekani hivo, pangusa upande wa ndani kwenda juu kisha pangusa upande wa nje kushuka huku unaangalia lile bonde la ndani, likijaa taratibu umeyapata. Alafu kabla hujamfunika, kunja nyonga uizungushe. Sekunde kumi tu, na sababu utaiona nikifika kwa watoto.

Dalili: goti moja, la moto, limevimba ndani ya siku moja au mbili, hataki uguse

Hapa hakuna cha kusubiri. Mtu anakuja anaburuza mguu au kabebwa, goti halikunjiki halinyooki, ukilisogeza kidogo tu anapiga kelele. Mpaka ithibitishwe vingine hilo chukulia ni bakteria ndani ya kiungo. Kutokuwa na homa hakumtoi kwenye hatari, hasa mzee, mwenye kisukari, mwenye baridi yabisi, anayetumia steroidi, au mwenye goti la bandia. Bakteria akikaa humo gegedu linaharibika ndani ya siku chache na halirudi, na akipanda kwenye damu anaua.

Kinachotakiwa ni maji ya goti yatolewe kwa sindano na yapimwe kabla antibayotiki haijaingia. Kama kwako hamtoi, mpeleke siku hiyo hiyo panapotolewa, usimpe kapsuli za antibayotiki za kutuliza aende nazo nyumbani kwasababu utaficha mdudu na hutamuua. Seli nyeupe zaidi ya 50,000 kwa milimita moja ya ujazo zinaelekeza kwenye usaha, ila kuwa chini ya hapo hakumtoi mtu, majibu yasomwe pamoja na mgonjwa mwenyewe. Kwa goti lenye kiungo cha bandia wewe usichome kabisa, waachie waliomfanyia upasuaji.

Kinachochanganya watu ni jongo, wengi siku hizi wanaiita gauti, ugonjwa wa fuwele za asidi ya yuriki kwenye kiungo, maana nayo inaleta goti jekundu la moto usiku mmoja. Na kuna ndugu yake wa fuwele za kalsiamu ambaye anapenda goti kuliko kiungo kingine chochote, hasa kwa wazee. Watu wanapima asidi ya yuriki kwenye damu wakikuta iko sawa wanasema sio gauti, wakikuta iko juu wanasema ni gauti, na kote kuwili wanaweza kuwa wamekosea. Wakati wa shambulio asidi inaweza kushuka ikaonekana ya kawaida, rudia wiki mbili au zaidi baada ya shambulio kuisha. Na mtu mwenye gauti anaweza kupata bakteria kwenye goti hilo hilo, fuwele na usaha vinakaa pamoja bila shida.

Kuna baba mmoja mwenye kisukari sijamsahau. Aliwahi kuugua gauti ya kidole gumba, kwa hiyo goti lilipovimba kila mtu akaona ni ile ile imehama, akapewa dawa za gauti siku tano. Nilipochoma sindano maji yaliyotoka yalikuwa mazito, rangi ya mtindi, yanavutika kwa shida kwenye bomba. Goti lile halikurudi kukunja vizuri. Tangu siku hiyo historia ya gauti hainitulizi hata kidogo, namchoma kama ambaye hana.

Ikishathibitika ni fuwele na bakteria hayupo, tibu mapema na vizuri. Dawa ya uvimbe kama naproksini kwa dozi kamili kama figo na tumbo vinaruhusu, au kolchisini dozi ndogo, au prednisoloni miligramu 30 hadi 35 kwa siku kwa siku 5. Aliyekuwa tayari anakunywa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, aendelee nayo, usiisimamishe katikati ya shambulio.

Kwa haraka, wengine wa kuwafikiria hapa. Kijana anayejamiiana, maumivu yanayohama viungo, vipele vichache vya usaha kwenye ngozi, ulizia kisonono, usione aibu kuuliza. Mtoto aliyeumwa koo wiki chache nyuma, leo goti kesho kifundo cha mguu, sikiliza moyo wake, hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Goti la baada ya kuhara au maambukizi ya njia ya mkojo. Na lile lililovimba kwa miezi, paja limekonda, joto ni kidogo tu, hilo usisahau kifua kikuu.

Dalili: nimeumia, nimesikia "pwa" ndani

Kwanza mguu chini ya goti. Kama goti lenyewe lilikaa upande, hata kama lilijirudisha, mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kuwa umechanika, kwa hiyo gusa mapigo ya juu ya unyayo na ya nyuma ya kifundo, linganisha na mguu mwingine, uulize kama vidole vina ganzi. Mapigo dhaifu ni dharura, na hata yakiwepo goti la namna hiyo halilali nyumbani usiku wa kwanza.

Pili, eksirei au hapana. Kuna kanuni zilitengenezwa Ottawa, Kanada, zikatoka 1995, na ni rahisi kuzikariri. Mpige eksirei mtu mzima aliyeumia goti kama ana hata moja kati ya haya: ana miaka 55 au zaidi, panauma ukibonyeza pia ya goti peke yake na si pengine kwenye goti, panauma ukibonyeza kichwa cha mfupa mwembamba wa nje ya muundi, hawezi kukunja mpaka nyuzi 90, au hakuweza kutembea hatua nne, pale alipoumia na mbele yako pia. Kuchechemea kunahesabika kama kutembea. Hana hata moja? Uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana, muokoe na foleni.

Tatu, kano. Aliyekuwa anakimbia akabadili mwelekeo ghafla bila kuguswa na mtu, akasikia pwa, goti likajaa pale pale uwanjani, na sasa anasema "linaniachia nikigeuka", huyo kano ya mbele ya ndani imekwenda mpaka uthibitishe vingine. Kunja goti nyuzi 20 mpaka 30, mkono mmoja ushike paja karibu na goti mwingine ushike muundi, vuta muundi mbele. Upande mzima utasimama ghafla kama kamba iliyofika mwisho, upande uliokatika unaendelea tu kuja. Mikono yako ikishahisi ule mwisho laini haisahau tena. Ila siku za mwanzo goti limejaa, mgonjwa kakaza misuli, kipimo kinakudanganya, kwa hiyo mpe tarehe ya kurudi ndani ya wiki moja au mbili umpime tena. Kosa kubwa ni kumwambia huna kitu kwasababu eksirei ni safi, eksirei haionyeshi kano! Anarudi kucheza, goti linaachia mara ya pili na ya tatu na kila mara meniskasi inatafunika.

Huyu apelekwe kwa daktari wa mifupa, ila aende akijua kwamba kano kukatika hakumaanishi kisu moja kwa moja. Utafiti wa Sweden wa 2010 uliwagawa vijana waliokatika kano hiyo, wengine wakafanyiwa upasuaji mapema, wengine wakaanza mazoezi ya fizio na upasuaji ukabaki wa atakayeuhitaji, baada ya miaka miwili matokeo yalilingana na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuhitaji kisu.

Kano ya pembeni upande wa ndani, aliyegongwa goti kwa nje, panauma kwenye mstari wa kano na goti linafunguka kidogo ukilisukuma, hiyo nyingi inapona kwa kujikinga na mazoezi tu.

Dalili: hawezi kunyanyua mguu ukiwa umenyooka

Naiweka peke yake kwasababu inapitwa mno. Mwambie alale chali, anyooshe mguu, anyanyue kisigino kutoka kitandani. Kama hawezi, na alipata kuteleza kwenye ngazi au kuruka, pitisha mkono juu na chini ya pia. Msuli wa paja unaweza kuwa umekatika pale unapoingia kwenye pia, hiyo ni zaidi kwa waliopita miaka 40, au kano ya chini ya pia kwa vijana, au pia yenyewe imepasuka. Utakuta shimo, kidole kinazama. Mzee mmoja alikuja mguu ukiwa umevimba sana mpaka shimo halionekani, akawa amefungwa bandeji na kuambiwa kateguka, alitembea na fimbo wiki tatu akishangaa kwanini anaanguka kila akishuka ngazi. Kumwambia anyanyue kisigino kungechukua sekunde tano. Hii ya kukatika kabisa inashonwa, na ikishonwa ndani ya siku chache inapona vizuri kuliko ikisubiri miezi, kwa hiyo hapa pigania rufaa.

Dalili: goti linanasa

Uliza mara mbili kunasa kupi. Kuna kushtuka na kusuasua kidogo alafu linaachia, hiyo ya kawaida inatoka hata kwenye pia. Na kuna goti lililokwama kweli, halinyooki mpaka mwisho hata ukimsaidia, linagoma kama mlango uliowekewa jiwe. Hili la pili kwa kijana aliyejigeuza mguu ukiwa umekanyaga ni kipande cha meniskasi kimeingia katikati, lipelekwe haraka.

Kwa mtu wa makamo mambo ni tofauti kabisa na hapa ndo MRI, ile picha ya sumaku, inapoharibu watu. Wamarekani waliwapiga MRI wakazi wa mji wa Framingham wenye miaka 50 mpaka 90, wakachapisha 2008, wakakuta asilimia 35 wana meniskasi iliyochanika, na kati ya hao waliochanika asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukaza kwa goti mwezi mzima uliopita. Yaani kuchanika kwa meniskasi umri huo ni kama mvi. Sasa ukimpiga mama wa miaka 58 MRI ukakuta mchaniko ukamwambia ndo unaouma, umejuaje? Wafini mwaka 2013 walienda mbali zaidi, waliwafanyia watu wenye mchaniko wa kuchakaa upasuaji wa kweli na wengine wa kuigiza, tundu zikachomwa lakini hakuna kilichokatwa, baada ya mwaka hakukuwa na tofauti. Mpe mazoezi miezi mitatu kwanza.

Dalili: mtoto anasema goti

Pima nyonga. Narudia kwa herufi kubwa, PIMA NYONGA. Mishipa ya fahamu inayolisha nyonga inalisha na goti, kwa hiyo mtoto mwenye nyonga mbovu anaonyesha goti, na goti ukilishika liko salama, likipigwa eksirei ni safi, anarudishwa nyumbani anachechemea. Wa miaka 4 mpaka 8 kichwa cha paja kinaweza kuwa kimekosa damu. Wa miaka 10 mpaka 16, hasa mwenye uzito mkubwa, kichwa cha paja kinaweza kuwa kinateleza kutoka shingoni kwake, na ukikunja nyonga yake mguu wote unajigeuza nje wenyewe bila yeye kutaka. Huyo asitembee tena hata hatua moja, akae kwenye kiti, eksirei ya nyonga zote mbili, kwa daktari wa mifupa leo.

Mtoto anayecheza sana, miaka 10 mpaka 15, anaumwa pale kwenye kinundu cha juu ya muundi chini ya pia na kinundu kimevimba, hiyo ni kano inavuta mfupa unaokua, inaisha yenyewe akimaliza kukua, mpunguzie kuruka, barafu, mazoezi ya kunyoosha paja, na mwondoe hofu mzazi.

Lakini anayelia usiku, maumivu hayahusiani na kucheza, uvimbe mgumu juu au chini ya goti, amepungua, huyo mpige picha bila kujadili, mfupa unaozunguka goti ndo sehemu inayopendwa zaidi na saratani ya mifupa ya vijana. Na msiseme "maumivu ya kukua" kwa mtoto anayeumwa mguu mmoja tu.

Dalili: linauma mbele, ngazi na kukaa sana

Kijana, mara nyingi wa kike au mkimbiaji, anaumwa akishuka ngazi, akichuchumaa, akikaa mda mrefu goti likiwa limekunjwa, na ukimwambia onyesha anazungusha kiganja juu ya pia. Mwambie achuchumae mbele yako, maumivu yakitokea umemaliza, hakuna picha inayohitajika. Dawa yake ni kuimarisha msuli wa paja na hasa misuli ya pembeni ya nyonga, watu wanaisahau nyonga na ndo inayoliacha goti liingie ndani. Asiache kukimbia kabisa, apunguze mpaka kiwango kisichoacha maumivu ya kesho yake, apande taratibu. Inachukua miezi, mwambie mapema asikate tamaa wiki ya tatu. Akiweka kidole kimoja chini tu ya pia na ni mtu wa kuruka, hiyo ni kano ya pia, nayo inataka kubebeshwa uzito polepole, kuilaza kitandani hakuisaidii.

Mengine kwa kidole. Mbele juu ya pia, laini kama puto, mtu wa kazi za kupiga magoti, ni kifuko cha maji, na kikiwa chekundu cha moto kinaweza kuwa na usaha japo goti lenyewe linakunjika. Upande wa nje kwa mkimbiaji au mwendesha baiskeli, ule ukanda wa paja unasugua. Upande wa ndani sentimita 4 au 5 chini ya mstari wa kiungo, kifuko kingine, mara nyingi kwa mtu ambaye goti lake tayari limechakaa. Nyuma ya goti, uvimbe wa maji, na huu ukipasuka shavu la mguu linavimba na kuuma sawa sawa na damu iliyoganda kwenye mshipa, usibahatishe, mpige altrasaundi ya mishipa.

Dalili: miaka imepita 45, linauma ukilitumia, asubuhi linakaza kidogo

Hawa ndo wengi. Maumivu yanakuja na kutembea yanapungua akipumzika, asubuhi goti ni gumu lakini halizidi nusu saa, linakwaruza ukiweka kiganja. Kama ni hivo huhitaji eksirei, umeshajua ni gegedu kulika. Kukaza kwa saa nzima, viungo vidogo vya mikono navyo vimevimba, hapo rudi nyuma ufikirie baridi yabisi umpime damu.

Maneno ya kwanza unayomwambia huyu ni matibabu. Ukisema goti limeisha ataogopa kulitumia, msuli utasinyaa, goti litauma zaidi. Mimi namwambia hivi, mama, gegedu lako limepungua lakini linaishi kwa kutembea, na msuli wa paja ndo springi yake, tunaenda kuijenga springi. Alafu nampa kiti. Akae, mikono kifuani, asimame, akae taratibu, mara 10, apumzike, arudie mpaka raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Asiyeweza aanzie kiti kirefu au ashike meza. Akiwa kitandani akaze paja mguu ukiwa umenyooka, anyanyue, ahesabu mpaka tano, ashushe. Na kutembea kila siku kiasi chake. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa mradi kesho yake yamerudi yalipokuwa, yakizidi apunguze idadi asiache zoezi. Nafuu inahesabiwa kwa wiki 6 mpaka 12.

Uzito. Najua ni maneno magumu kumwambia mtu na wengi wetu tunayasema vibaya, tunamlaumu. Mpe hesabu tu, kwa wenye goti hili kila kilo 1 inayopungua inaliondolea goti kama kilo 4 kwa kila hatua anayopiga. Akipunguza asilimia 5 ya uzito wake atahisi, akifika 10 atahisi zaidi. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti bovu, wengi wanashika upande ule ule na haisaidii kitu.

Dawa. Anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka, goti liko karibu na ngozi na jeli inafika, na inapita kwenye damu kidogo sana. Ikishindikana vidonge vya aina hiyo, dozi ndogo inayotosha, siku chache, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo, na kabla ya kuandika uliza presha, figo, vidonda vya tumbo, moyo. Wazee wangapi wameharibika figo na kutapika damu kwa vidonge vya goti walivyoendelea kujinunulia miaka. Parasetamoli kwa goti hili ni dhaifu kuliko tunavyodhani, dawa kali za jamii ya mofini zina madhara kuliko faida, na glukosamini wanayouziwa kwa bei ya juu sishauri mtu apoteze hela yake humo.

Sindano ya steroidi ndani ya goti inatuliza kwa wiki kadhaa, inafaa kumpa mtu nafasi aanze mazoezi. Kuirudia rudia ndo kosa, utafiti uliotoka 2017 uliwachoma watu kila wiki 12 kwa miaka miwili, gegedu likapungua zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi na maumivu hayakutofautiana. Na kusafishwa goti kwa kamera kwa ajili ya kuchakaa tu, hilo lilishajibiwa Houston, Marekani, mwaka 2002 kwa wagonjwa 180, upasuaji wa kweli haukumshinda wa kuigiza. Goti la bandia ni kwa yule ambaye amefanya haya yote kwa uaminifu na bado hapati usingizi wala hatoki nyumbani, huyo usimcheleweshe kwasababu ya umri wake.

Siku ya kurudi

Siku ya kwanza kabla hajaondoka mkalishe kwenye kiti, mhesabie amesimama na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30, andika kwenye faili. Mpe tarehe, wiki 6. Akirudi usianze na "unajisikiaje", mrudishe kwenye kiti kile kile umhesabie tena. Namba imepanda na maumivu bado yapo kidogo, mko njiani, ongeza mazoezi. Namba haijapanda, uliza kwa upole kama zoezi lilifanyika na kwa namna gani, mwambie akuonyeshe, mara nyingi utakuta alikuwa anajisukuma kwa mikono. Zoezi limefanyika sawa sawa na namba imeshuka, paja limekonda zaidi, au sasa anaamka usiku kwa maumivu, basi ulichokiandika mwanzo kifute, mvue tena, anzia nyonga.